Maskini Asiyebisha Hodi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, ambaye kila kitu kwake kimehesabiwa wala hakipotei hata kimoja. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na swahaba zake wote. Ama baad.



Katika Suratul-Baqara, aya ya 273, Mwenyezi Mungu anatutajia kundi la mafakiri ambao wengi wetu tunapita karibu nao kila siku. Ni watu waliobanwa na hali, lakini wana staha. Hawaombi wala hawang'ang'anii watu. Asiyezijua hali zao huona wanajitosheleza. Anayewatazama vizuri ndiye anayewatambua kwa alama zao. Wafasiri wengi wamesema aya hii iliwagusa kwanza Ahlus-Suffa, wale Muhajirina waliokuwa wakilala katika sehemu ya msikiti wa Madina iliyoezekwa, wakijifunza dini, hawana nyumba wala shamba. Kwa maana nyingine, walikuwa wanafunzi kama sisi.

Abu Hurayra (r.a.) naye amepokea hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Mtume (s.a.w.) aliwasahihisha swahaba kuhusu neno lenyewe "maskini". Aliwaeleza kwamba anayezunguka kwa watu na kurudi na tonge moja au mbili siye maskini hasa. Maskini ni yule asiyekuwa na cha kumtosha, hasimami kuomba, na hakuna mtu anayemgundua ili ampe sadaka.

Tuipime sehemu hii ya mwisho: hakuna anayemgundua. Hapa hadithi inatoka kwa maskini na kutugeukia sisi. Yule mtu ana njaa, na staha yake ni sifa njema mbele ya Mola wake. Basi kutogunduliwa kwake ni deni la nani?

Sisi wanafunzi tuna desturi nzuri. Shaaban inapoingia, amir na kamati yake hupitisha bahasha hosteli kwa hosteli, wahitimu waliopata kazi hutuma chochote kwa simu, na wafanyabiashara wa mjini hutoa magunia ya posho na sukari. Jumamosi gari linapakiwa, tunagawa, tunarudi kufuturu. Mwenyezi Mungu azikubali. Lakini kila anayeishi huku mashariki mwa Uganda anajua kwamba magari ya sadaka, yawe ya wanafunzi, ya mashirika au ya matajiri, hupenda lami. Kituo cha yatima kilicho kando ya barabara kuu hupokea magari kadhaa ndani ya Ramadhani moja. Kijiji kilicho nyuma ya kilima hakipokei hata moja. Anayejulikana huongezewa, na yule wa kwenye hadithi anabaki alipo.

Nataka niseme jambo moja katika makala hii: kumtafuta maskini asiyebisha hodi ni sehemu ya ibada ya kutoa, na takwimu za eneo tunaloishi ni mojawapo ya taa za kumtafutia.

Kuhesabu si mambo ya wafadhili peke yao

Wapo wanaosema kwamba takwimu ni mambo ya serikali na mashirika, na kwamba sadaka ni jambo la moyo: toa, Mungu anajua itakapofika. Ni kweli Mungu anajua. Lakini tutazame mwendo wa aliyetufundisha kutoa.

Hudhayfa bin al-Yaman (r.a.) amesimulia, na hadithi iko katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume (s.a.w.) aliagiza aandikiwe kila mtu aliyetamka Uislamu. Wakaandika, wakapata wanaume 1,500. Wahyi ulikuwa ukimshukia, na bado alitaka orodha. Angeweza kusema Jibril atamjuza. Badala yake aliwatuma watu wakahesabu.

Nabii Yusuf (a.s.) alipotafsiri ndoto ya mfalme, hakuishia kwenye tafsiri. Alitaja miaka saba ya mavuno, miaka saba ya ukame, kiasi cha kula na kiasi cha kuhifadhi. Kisha akaomba asimamie hazina za nchi, akataja sifa mbili za kazi hiyo: kutunza na kujua. Mtunzaji asiyejua anaweza kulinda ghala vizuri huku watu wakifa na njaa upande wa pili wa mto.

Na katika ukhalifa wa Umar bin al-Khattab (r.a.), mali zilipoanza kuingia Madina kwa wingi, alishauriana na swahaba akaanzisha diwani, yaani daftari la majina ya watu na mafungu yao. Kazi hiyo aliwapa watatu waliozijua nasaba za Waarabu kuliko wengine: Aqil bin Abi Talib, Makhrama bin Nawfal na Jubayr bin Mut'im. Hakuchukua tu watu wenye mwandiko mzuri. Alichukua wenyeji waliojua nani ni nani. Wahenga wetu walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Umar alimpa kalamu yule aliyekwisha chota.

Zaka ina mahali pake

Mtume (s.a.w.) alipomtuma Muadh bin Jabal (r.a.) Yemen, alimwagiza awafundishe watu wa huko kwamba zaka huchukuliwa kwa matajiri wao na kurudishwa kwa mafakiri wao. Mafakihi wamelijadili sana suala la kuihamisha zaka kutoka mji mmoja kwenda mwingine, na wengi wao wameona asili ni kwamba ibaki pale ilipotoka maadamu wenye haja wapo pale.

Hukumu hiyo haiwezi kutekelezwa na mtu asiyejua pale pana nani. Suratut-Tawba, aya ya 60, imetaja makundi manane ya wanaostahiki zaka, kuanzia mafakiri na maskini hadi wenye madeni na msafiri aliyeishiwa. Je, katika muluka unaoishi, wenye madeni ni nani? Mafakiri wako upande gani wa barabara? Tunaweza kuyasoma makundi manane kwa tajwidi nzuri kabisa, tukashindwa kutaja kaya nane.

Hapa Uganda tumerahisishiwa kazi. Idara ya Takwimu, UBOS, ilifanya sensa mwezi wa Agosti 2014 na nyingine Mei 2024, ambayo ilituhesabu watu milioni 45.9. Wengi wetu tunaijua namba hiyo kubwa kwa sababu ilisomwa redioni. Tusiyoyajua ni majedwali ya chini. Baada ya sensa ya 2014, UBOS ilitoa kijitabu cha kila wilaya kinachoshuka hadi gombolola na muluka. Humo utakuta kaya ngapi hazina choo cha aina yoyote, ngapi ziko kilomita tano au zaidi kutoka kituo cha afya, ngapi wanakula chini ya milo miwili kwa siku, ngapi wanaishi katika nyumba za vifaa visivyodumu, watoto wangapi wa umri wa shule hawako shuleni, na yatima ni wangapi.

Sisemi kwamba aya ya 273 iliteremshwa ikikusudia majedwali hayo. Nasema aya imetufundisha kwamba wasioomba wana alama, na kaya inayokula mara moja kwa siku ni alama. Karani wa sensa amekwisha bisha hodi kwa niaba yetu. Alikaribishwa, akauliza, akajibiwa na watu ambao wasingetuambia sisi. Majibu yao yamechapwa, na tunaweza kuyasoma bila malipo.

Wastani unavyoficha

Anayeanza kusoma takwimu ajihadhari na namba ya juu. Utafiti wa kaya wa UBOS wa 2019/20 ulionyesha kwamba asilimia 20.3 ya Waganda walikuwa chini ya mstari wa umaskini. Utafiti wa 2023/24 ukaonyesha asilimia 16.1. Ukiishia hapo, utamshukuru Mungu na kufunga kitabu. Lakini katika kipindi hichohicho umaskini wa Karamoja ulipanda kutoka asilimia 65.7 hadi 74.2. Nchi ilipumua, na ndugu zetu wa Moroto na Kaabong wakazidi kubanwa, yote ndani ya ripoti moja.

Mambo ni hayohayo tukishuka chini. Chukua mji wa Mbale. Wastani wa mji unazitia nyumba za Senior Quarters na vibanda vya Namatala katika chungu kimoja, unakoroga, kisha unakupa ladha ambayo si ya huku wala ya kule. Anayepanga sadaka kwa wastani wa mji anampangia mtu asiyekuwepo. Ndiyo maana tunashuka hadi muluka, na tukiweza hadi kijiji.

Ni vizuri pia kujua kila namba imetoka wapi. Utafiti wa kaya huuliza mengi, kama vile unakula nini, unatumia shilingi ngapi, lakini huuliza kaya chache zilizochaguliwa, kwa hiyo hauwezi kusema kitu cha uhakika kuhusu muluka mmoja. Sensa hufika kila nyumba, lakini haiulizi matumizi. UBOS, kwa kushirikiana na Benki ya Dunia na UNICEF, iliunganisha utafiti wa 2016/17 na sensa ya 2014. Walitazama yale yaliyoulizwa kote kuwili, kama vile elimu ya mkuu wa kaya na aina ya nyumba, wakakadiria umaskini hadi ngazi ya gombolola na kuchora ramani. Ramani hiyo ni makadirio. Itumiwe kama makadirio, na namba za 2014 zisomwe kama namba za 2014. Mwenyezi Mungu ametukataza katika Suratul-Israa, aya ya 36, kuyafuata tusiyo na ujuzi nayo, na kuichukulia namba ya zamani kuwa ni ya leo kunaingia humo.

Jambo lingine linawachanganya wengi: asilimia na idadi ni vitu viwili. Tuchukue mfano wa kufikirika. Muluka mmoja una kaya 200, na asilimia 40 hawana choo. Hizo ni kaya 80. Muluka wa pili, kule mjini, una kaya 1,500, na asilimia 10 tu hawana choo. Hizo ni kaya 150. Ukitaka mahali ambapo dhiki imeenea, nenda wa kwanza. Ukitaka mahali penye watu wengi zaidi wenye dhiki hiyo, nenda wa pili. Lazima uamue unatafuta nini kabla hujapakia gari.

Machozi ya Umar

Usidhani kwamba ukishapata orodha umeokoka. Kisa hiki kimesimuliwa katika vitabu vya historia, na kila anayegawa mali ya watu angepaswa kukikumbuka.

Umar (r.a.) alikuwa amepanga posho kwa watoto kutoka hazina, lakini kwa mtoto aliyekwisha achishwa ziwa tu. Msafara wa wafanyabiashara ukatua nje kidogo ya Madina. Usiku akatoka na Abdur-Rahman bin Awf (r.a.) kuulinda. Akasikia mtoto analia. Akaenda akamwambia mama amtulize mwanawe. Akarudi, mtoto akalia tena, akaenda tena. Mara ya tatu akamuuliza kwa nini mtoto hatulii. Yule mama, asiyemjua anayezungumza naye, akajibu kwamba anamlazimisha kuacha ziwa, kwa kuwa Umar hampi fungu ila aliyeacha. Akamuuliza umri, akatajiwa miezi michache. Inasimuliwa kwamba alfajiri ile alisalisha watu, na kwa kilio chake hawakuweza kuufahamu vizuri usomaji wake. Alipotoa salamu, akaagiza itangazwe kwamba wasiharakishe kuwaachisha watoto, kwani kila anayezaliwa atapewa fungu.

Tuone kilichotokea. Daftari lilikuwa sahihi. Nia ilikuwa njema. Lakini kigezo kilichowekwa kiliwafundisha mama zao kuwatesa watoto. Kila kigezo tunachoweka kina mtu kinayemsukuma. Ukisema utawapa wenye nyumba za nyasi tu, umemwacha mwenye bati na njaa. Ukisema atakayepewa ni aliyehudhuria darsa msikitini, umewafundisha watu kuja msikitini kwa ajili ya sukari. Hata mipango mikubwa ina mianya hii. Serikali yetu hutoa fedha za kila mwezi kwa wazee waliofika umri uliowekwa, na huo ni msaada mkubwa kijijini. Lakini umri unasomwa kwenye kitambulisho, na wazee wasiojua mwaka waliozaliwa wengine wameandikiwa umri pungufu. Bibi anaweza kuwa na vitukuu na bado kadi ikasema hajafika.

Umar alilia kwa sababu aliisikia sauti ambayo daftari halikuwa nayo. Na aliisikia kwa sababu alikuwa nje usiku, kwa miguu yake.

Baada ya karatasi, miguu

Shaaban iliyopita tulikwenda watatu: dada mmoja wa uuguzi, ndugu mmoja wa kilimo, na mimi. Muluka wenyewe tuliuchagua kwa kijitabu cha wilaya, kwa sababu ya milo na vyoo. Tulianza kwa mwenyekiti wa LC1, tukapiga hodi kwa imamu, kisha tukamwomba mama mmoja wa VHT, yaani wale wahudumu wa afya wa kijiji, atutembeze.

Karatasi ilisema eneo lile lina kisima cha pampu. Kisima kipo kweli. Pampu haina mnyororo, na majani yameota kwenye zege. Akina mama wanashuka bondeni kwenye chemchemi wanakonywesha ng'ombe. Kwa aliyehesabu, kaya zile zina maji. Kwa anayebeba jerikeni, hazina.

Kisha yule mama wa VHT akatupitisha kwenye nyumba ambayo mimi ningeiruka. Ina bati, ina mlango wa chuma, kuta zimepigwa plasta. Marehemu mume alikuwa dereva wa lori na aliijenga vizuri. Kwenye jedwali lolote nyumba ile ni ya watu wanaojiweza. Ndani mna mjane na watoto wanne. Dada yetu wa uuguzi alimtazama mdogo kabisa, akanyamaza. Tulimuuliza mama kama aliwahi kupata chochote katika ugawaji wa Ramadhani pale msikitini. Akasema: "Wanangu, nyinyi mnagawa saa tisa. Saa tisa mimi niko kwenye shamba la watu. Nikikosa kibarua siku moja, jioni yake hatuli." Kisha akatuomba jambo moja tu: jina lake lisisomwe kwenye kipaza sauti.

Aya ya 273 nilikuwa nimeihifadhi tangu madrasa. Siku ile niliiona ina mlango wa chuma.

Jedwali lilitufikisha kwenye muluka, na bila jedwali tusingefika, kwa kuwa hakuna hata mmoja wetu mwenye jamaa kule. Lakini kwenye mlango tulifikishwa na mtu. Muluka maskini una matajiri ndani yake, na muluka tajiri una wenye njaa. Hakuna namba ya eneo inayomhukumu mtu mmoja. Inakuambia uanzie wapi kutembea.

Na ukitembea, tembea kwa adabu. Suratul-Hujurat imekataza kupelelezana, na Suratul-Baqara, aya ya 264, imetuonya tusizibatilishe sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi. Kuuliza hali ya mtu ili umsaidie ni amana. Kuisimulia hosteli ni usengenyaji. Kumpiga picha akipokea kilo mbili za sukari na kuisambaza kwenye makundi ya simu ni kumlipisha heshima yake. Majina tuliyoandika siku ile yalibaki katika daftari moja kwa imamu, na fungu la yule mjane lilipelekwa usiku na mke wa imamu, kama jirani anavyompelekea jirani mwenzake futari.

Sawa kwa sawa si lazima iwe haki

Mwezi Februari 2022, katika wilaya ya Kibuku, Rais alizindua mpango wa maendeleo wa parishi, ule tunaouita PDM. Katika mpango ulivyoanza, kila muluka ulitengewa shilingi milioni 100 kwa mwaka, na kaya iliweza kukopa hadi milioni moja. Suala la nyongeza ya asilimia 6 juu ya mkopo huo lina mjadala wake wa kifikihi, na masheikh wetu wanalizungumzia. Hapa natazama mgawo. Muluka wenye watu wengi na muluka wenye watu wachache ilipangiwa fungu lilelile, na wenye dhiki na wenye nafuu vilevile. Ulikuwa usawa. Lakini mwenye kusoma Suratut-Tawba anajua kwamba zaka haikugawanywa kwa watu wote sawasawa. Imewafuata wenye haja.

Nasema haya kwa sababu baadhi yetu kesho tutakuwa maafisa wa wilaya, walimu, wauguzi, madiwani. Kila mwaka gombolola huwa na vikao vya mipango na bajeti, na mwananchi ana haki ya kuhudhuria. Waislamu wengi tunalalamika kwenye baraza ya msikiti baada ya Ijumaa, na kikao kikifika hatupo. Anayesimama na kusema "tumesahauliwa" atapigiwa makofi na kusahauliwa tena. Anayesimama na kusema kaya ngapi za muluka wake ziko mbali na zahanati, na kwamba pampu iliyoandikwa haifanyi kazi tangu lini, ameleta ushahidi. Kusema kweli mbele ya mwenye madaraka kunahitaji kwanza uwe na hiyo kweli.

Tufanye nini

Napendekeza mambo manne kwa jumuiya yetu na kwa jumuiya za vyuo vingine.

Kwanza, kamati ya Ramadhani ikae mwezi wa Rajab na kijitabu cha wilaya mezani. Wachague miluka miwili au mitatu kwa alama zinazoonekana humo, waandike kwa nini wameichagua, na mwakani wasianze upya.

Pili, kabla ya ugawaji, watu wachache waende kwa miguu. Wazungumze na mwenyekiti, imamu, mama wa VHT na mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu anajua mtoto yupi halali darasani kwa uvivu. Waulize pia saa gani watu wako nyumbani.

Tatu, wanafunzi wa takwimu, uchumi, uuguzi na kilimo waitwe. Sisi wa masomo ya Kiislamu tunajua makundi manane, lakini wao wanajua kusoma jedwali. Elimu yao nayo ina zaka yake, na nisabu yake imekwisha timia tangu waliposhinda mtihani wa mwaka wa kwanza.

Nne, tusiwaruke majirani wasio Waislamu. Wanazuoni wengi wamesema zaka ya faradhi ni ya Waislamu, lakini sadaka mlango wake ni mpana. Imesimuliwa kwamba Umar (r.a.) alimkuta mzee wa Kiyahudi akiomba barabarani, akamshika mkono, akampa alichokuwa nacho nyumbani, kisha akaagiza apangiwe fungu kutoka Baitul-Mal. Pampu ile isiyo na mnyororo ikitengenezwa, jerikeni haitaulizwa dini.

Ndugu yangu mwanafunzi, wazazi wetu wengi waliuza mbuzi na kahawa ili tujue kusoma. Tunasoma ripoti za kila aina kwa ajili ya mtihani, tunazisahau siku ya pili. Katika ripoti hizi wamo watu ambao Mtume (s.a.w.) alisema hawagunduliwi. Siku ya Kiyama Mwenyezi Mungu hatatuuliza yale tuliyofichwa. Atatuuliza yale tuliyoyasoma. Suratul-Ma'un haikumlaumu asiyelisha peke yake. Imemtaja asiyehimiza kulishwa maskini. Kuhimiza hakuhitaji gunia la posho, kwa hiyo hata mwanafunzi asiye na senti hana udhuru.

Ewe Mola wetu, tujaalie macho ya kuwaona waja wako wasioomba. Zisafishe nia zetu na riyaa, na mikono yetu na maudhi. Wafungulie milango ya riziki wajane, mayatima na wenye madeni wa miluka yetu, na utujaalie tuwe sababu. Tupe elimu yenye manufaa, na usiifanye elimu yetu kuwa hoja dhidi yetu. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.